Umeme, Sakiti na Seli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Majibu haya ni kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari na walimu wa sayansi ambao maabara yao ni meza moja, ndoo ya maji na vitu vinavyopatikana duka la jirani. Majaribio yanayohitaji betri ya dukani yanatumia betri za tochi au betri ndogo ya volti 9. Soketi ya ukutani haihusiki na jaribio hata moja. Maswali ya biolojia yamechanganywa na ya umeme kwa makusudi, maana chaji za ndani ya seli zinafuata kanuni zilezile za chaji za kwenye waya.

Volti, ampea na omu zinatofautianaje?

Ampea hupima mkondo, yaani chaji nyingi kiasi gani inapita mahali fulani kwa sekunde moja. Volti hupima nishati ambayo kila kiasi cha chaji kinapewa na betri au kinaitumia kikipita kwenye kifaa. Omu hupima ukinzani: kifaa kinauzuia mkondo kwa kiasi gani. Georg Ohm alichapisha uhusiano wa hivi vitatu mwaka 1827, na hadi leo unaandikwa hivi: volti = ampea × omu.

Chukua balbu ya tochi iliyoandikwa 2.5 V 0.3 A. Ikiwaka sawasawa ukinzani wake ni 2.5 ÷ 0.3, yaani omu 8.3 hivi. Ukiipima kwa multimita (kifaa cha kupima volti, ampea na omu) ikiwa imezima utapata kama omu 1. Multimita haijakosea. Uzi wa balbu ukiwa baridi unapitisha umeme kirahisi, na ukipata moto mpaka kung'aa ukinzani wake unapanda mara kadhaa. Ndiyo sababu balbu hupenda kuungua ule wakati wa kuwasha, mkondo wa kwanza unapokuwa mkubwa kuliko wa kawaida.

Nianze na vifaa gani?

Betri mbili kubwa za tochi za volti 1.5, balbu tatu za 2.5 V na vishikizo vyake, waya wa shaba wenye nyuzi nyingi kama mita 2, rezista chache (omu 10, 68 na 470), taa tatu za LED nyekundu, na multimita ya bei ya chini. Swichi tengeneza mwenyewe: pini mbili za kubonyeza kwenye kipande cha mbao, na kibanio cha karatasi cha chuma kinachogusa zote mbili. Ongeza msasa laini. Wengi wanauruka msasa, halafu wanapoteza kipindi kizima wakitafuta kosa.

Menya sentimita 2 za plastiki kila ncha ya waya, sokota nyuzi ziwe kitu kimoja, kisha piga msasa mara mbili tatu. Unganisha betri chanya kwa hasi, halafu swichi, halafu balbu, halafu rudi kwenye betri. Usiunganishe waya moja kwa moja kutoka chanya kwenda hasi ya betri bila kupitia balbu. Hiyo ni shoti: waya unapata moto na betri inakufa ndani ya dakika chache.

Nimeunganisha kila kitu na taa haiwaki. Nianzie wapi?

Usianze kwa kubadilisha betri. Anza kwa multimita upande wa volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), kipimo cha 20, na swichi ikiwa imefungwa, yaani imeunganisha.

Weka waya mweusi wa multimita kwenye ncha hasi ya betri na uuache hapohapo. Chukua waya mwekundu, gusa ncha chanya ya betri. Ukisoma karibu 3, betri ni nzima kwa hatua hii. Sasa sogea na mwekundu: upande wa kwanza wa swichi, upande wa pili wa swichi, mguu wa kwanza wa kishikizo cha balbu, mguu wa pili. Pale ambapo 3 inageuka kuwa 0 ndipo kosa lilipo. Kama volti ziko 3 kabla ya swichi na 0 baada yake, swichi haigusi. Kama ziko 3 mguu wa kwanza wa balbu na 0 mguu wa pili, umeme unafika lakini haupiti, kwa hiyo balbu imeungua au haijakaza kwenye kishikizo. Kama miguu yote miwili inasoma 3, balbu ni nzima na waya wa kurudi ndio uliokatika. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanaona volti kila mahali na taa haiwaki. Volti za kuhesabu ni zile zilizo *kati* ya miguu miwili ya balbu, na hapo ni sifuri.

Kwa shule za pwani, Mikindani, Shangani, Lindi mjini au Kilwa Masoko, kosa nambari moja ni kutu. Upepo wa bahari unabeba chembe za chumvi, chumvi inavuta unyevu wa hewa, na utando huo mwembamba wa maji ya chumvi unaila shaba mpaka inaota kitu cha kijani. Kile cha kijani kinazuia mkondo. Waya ukiwa na kijani ndani ya plastiki yake, kata sentimita 3 na umenye upya. Msasa hautafika ndani. Vifaa vihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na spring za vishikizo zipakwe mafuta ya mgando kidogo sana. Newala na Nachingwea, mbali na bahari, tatizo hili ni dogo. Huko kosa la kawaida ni vumbi na betri zilizovuja.

Betri inasoma volti 1.45 lakini taa inawaka hafifu. Inawezekanaje?

Kwa sababu umeipima ikiwa imepumzika. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, na unaongezeka kadiri kemikali zake zinavyoisha. Bila mzigo hakuna mkondo wa kuonyesha udhaifu huo.

Ipime ikiwa kazini. Unganisha rezista ya omu 10 kati ya ncha zake mbili, kisha soma volti za betri wakati rezista iko pale, kwa sekunde 5 tu. Betri mpya itashuka kidogo, kutoka 1.5 hadi 1.4 hivi. Betri iliyochoka inaweza kushuka kutoka 1.45 hadi 1.0. Sasa piga hesabu: mkondo ni 1.0 ÷ 10 = ampea 0.1, volti zilizopotea ndani ni 0.45, kwa hiyo ukinzani wa ndani ni 0.45 ÷ 0.1 = omu 4.5. Betri hiyo haifai tena kwa tochi, lakini saa ya ukutani itaendesha kwa muda mrefu tu, kwa kuwa saa inanyonya mkondo mdogo sana. Usiitupe bado.

Balbu mbili za mfuatano: moja inawaka, nyingine haiwaki. Je, ya kwanza imemaliza umeme?

Hapana, na hili ndilo kosa la mawazo lililoenea kuliko yote kwenye mada hii. Mkondo haumalizwi njiani. Ampea zinazoingia kwenye balbu ndizo zinazotoka, na unaweza kuhakikisha kwa ameta kabla na baada ya balbu. Kinachogawanywa ni volti.

Balbu zako si za aina moja. Yenye ukinzani mkubwa inachukua sehemu kubwa ya volti na kuwaka. Yenye ukinzani mdogo inabakiwa na volti chache mno kuupasha moto uzi wake. Badilisha nafasi zao. Kama ya kwanza "ingemaliza" umeme, iliyozima ingewaka ikitangulizwa. Utaona ileile inaendelea kuwaka popote utakapoiweka.

Balbu mbili zinazofanana kwenye mfuatano wa volti 3 zinapata 1.5 kila moja, hivyo zote zinafifia. Zikiwa sambamba, kila moja kwenye njia yake, kila moja inapata volti zote 3, na betri inatoa mkondo mara mbili ya ule wa balbu moja. Nyumba zetu zimeungwa kwa sambamba ili kila kifaa kipate volti 230, na ukizima taa ya sebuleni friji isizimike.

Ameta inaunganishwaje?

Kwa mfuatano, ndani ya njia ya mkondo. Kata njia na uiweke katikati. Ukiiweka sambamba na betri umepiga shoti kupitia kwenye ameta, na fyuzi yake inakatika. Multimita inayopima volti vizuri lakini haipimi ampea kabisa karibu kila mara imekatika fyuzi. Fungua nyuma, badilisha kwa fyuzi ya namba ileile. Waya wa shaba au karatasi ya sigara si fyuzi.

Kwa nini LED inaungua nikiiunganisha na betri ya volti 9?

LED haifanyi kazi kama balbu. Ikishafika volti zake, kama 2 kwa nyekundu na 3 hivi kwa nyeupe, ongezeko dogo tu la volti linaleta ongezeko kubwa la mkondo, na inaungua kabla hujaondoa kidole. Lazima iwe na rezista kwa mfuatano. Hesabu: 9 − 2 = volti 7 za kuachwa kwenye rezista; ukitaka miliampea 15, 7 ÷ 0.015 = omu 467. Nunua 470, yenye mistari ya njano, zambarau, kahawia. Kwa betri mbili za tochi na LED nyekundu tumia omu 68. Mguu mrefu unaelekea chanya. Ukiugeuza LED haiwaki, lakini kwa volti 3 haitaharibika.

Uniti moja ya LUKU inafanya nini hasa?

Ni kilowati-saa 1, yaani wati 1,000 kwa saa moja. Balbu ya LED ya wati 9 itawaka saa 111 kwa uniti moja. Balbu ya zamani ya wati 60 itaimaliza kwa chini ya saa 17. Pasi ya wati 1,000 ingeimaliza kwa saa moja kama isingekuwa inajizima na kujiwasha yenyewe kadiri ya joto.

Ekstensheni yangu inapata moto kwenye plagi tu, waya hauna joto. Kuna hatari?

Ndiyo, na kubwa. Acha kuitumia leo.

Joto kwenye ukinzani ni mkondo × mkondo × omu. Birika la umeme la wati 2,000 kwa volti 230 linavuta ampea 8.7. Kama ndani ya soketi kuna mgusano uliolegea au ulioota kutu wenye ukinzani wa nusu omu tu, joto pale ni 8.7 × 8.7 × 0.5, karibu wati 38. Hizo ni wati za chuma cha kuchomelea risasi, zimefungiwa ndani ya kiplastiki. Plastiki inalainika, mgusano unalegea zaidi, ukinzani unaongezeka, joto linaongezeka. Mzunguko huo mwisho wake ni moto, na breka haitakata kwa sababu mkondo haujazidi.

Soma pia maandishi yaliyo kwenye ganda la waya. Waya wa milimita za mraba 0.75 ni wa feni, redio na taa. Kwa birika au pasi tafuta 1.5. Tena usiukunje kwenye bobini unapoutumia kwa mzigo mkubwa, joto litakosa pa kwenda.

Nina breka nzuri. Je, itaniokoa nikipigwa shoti?

Breka ya ampea 20 inalinda waya usiungue. Mwili unaumizwa na mkondo mdogo kuliko huo kwa mbali. Kwa umeme wa nyumbani, wa hezi 50, miliampea 1 unaisikia. Kama miliampea 10 na zaidi misuli ya mkono inakaza na unaweza kushindwa kuachia. Kuanzia miliampea 30 kwenda juu, ukipita kifuani kwa muda, moyo uko hatarini. Ngozi kavu inaweza kuwa na makumi ya maelfu ya omu. Ukiwa umelowa jasho au maji ya bahari, mwili mzima unaweza kushuka hadi kama omu 1,000, na 230 ÷ 1,000 ni miliampea 230. Breka ya ampea 20 haioni lolote hapo.

Kinachosaidia ni kifaa cha kukata umeme unaovuja, kilichoandikwa 30 mA. Kinalinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika kiwango hicho kinakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mwambie fundi umeme akifunge karibu na meni swichi, na bonyeza kitufe chake cha majaribio, chenye herufi T, kila mwezi. Waya wa ethi nao uwepo. Kifaa hiki hakikusaidii ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, maana hapo mkondo unaokwenda na unaorudi ni sawa.

Mtu akinaswa: zima meni swichi kwanza. Ikishindikana, simama pakavu na umsukume kwa mti mkavu. Usimshike kwa mkono. Akiwa hapumui, bonyeza katikati ya kifua kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Waya wa nguzo ukianguka barabarani hakuna mti wa kukusaidia. Kaa mbali mita 10 na zaidi, zuia watu, piga simu TANESCO.

Moyo unahusika vipi na umeme?

Kila pigo la moyo linaanza na ishara ya umeme kutoka kwa kundi dogo la seli upande wa juu kulia. Ishara inatembea seli hadi seli kwa mpangilio, na misuli inakaza kwa zamu. Mkondo wa nje wa hezi 50 ukipita hapo unaamsha seli bila zamu. Zinatetemeka kila moja kivyake, na damu haisukumwi.

Kwa hiyo seli za mwili zina umeme kweli? Volti ngapi?

Zina. Kati ya ndani na nje ya seli ya neva iliyotulia kuna tofauti ya karibu milivolti 70, ndani ikiwa hasi. Seli za misuli ya moyo hufika karibu milivolti 90.

Utando wa seli umejengwa kwa mafuta, na mafuta ni kihami, yaani hayapitishi umeme. Pande zake zote mbili kuna maji yenye ayoni, yaani chembe zenye chaji: sodiamu nyingi nje, potasiamu nyingi ndani. Kuna pampu za protini zinazotoa ayoni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kila mzunguko, kwa gharama ya nishati ya chakula. Halafu potasiamu inavuja kurudi nje kupitia milango yake maalumu na kuacha ndani pakiwa na upungufu wa chaji chanya. Huo uvujaji ndio unaojenga sehemu kubwa ya zile milivolti 70. Pampu kazi yake ni kutunza akiba.

Milivolti 70 zinaonekana kidogo mpaka ukumbuke unene wa utando: nanomita 7 hivi. Gawanya 0.07 kwa 0.000000007 na utapata volti milioni 10 kwa mita. Hewa kavu inapasuka na kutoa cheche kwenye volti milioni 3 kwa mita. Utando wa seli unavumilia zaidi ya hapo, mchana na usiku.

Naweza kuzipima kwa multimita? Nilishika vyuma viwili nikapata nusu volti.

Ulichopima ni vyuma. Ukishika shaba mkono mmoja na bati lenye zinki mkono mwingine, jasho lako linakuwa elektroliti, yaani maji yanayopitisha ayoni, na umekuwa betri yenye metali mbili. Rudia ukishika shaba pande zote mbili, volti zitashuka karibu na sifuri.

Kupima seli yenyewe kunahitaji bomba la kioo lenye ncha nyembamba kuliko maikromita 1, lililojazwa maji ya chumvi, likichoma utando, na kikuza ishara kisichonyonya mkondo. Shule haina, na haihitaji kuwa nacho. Tabia za utando unaweza kuziona kwa majaribio mawili ya hapa chini: la kitunguu na la kiazi.

Nawezaje kuuona utando wa seli bila vifaa vikubwa?

Tumia kitunguu chekundu na hadubini ya kukuza mara 100. Jambo la kuangalia ni upande: chukua ngozi ya *nje* ya jani nene la kitunguu, ule upande uliobinuka wenye rangi. Ngozi ya ndani haina rangi na hutaona kitu. Chana kipande cha milimita 5 kwa kibano, kiweke kwenye tone la maji safi juu ya kioo, kisha laza kifuniko cha kioo kwa mshazari, upande mmoja ukitangulia. Ukikidondosha bapa unafungia viputo vya hewa, na viputo ndivyo wanafunzi huvichora na kuviandika "kiini": miduara myeusi iliyokamilika mno. Kiini halisi kinahitaji rangi ya ayodini ya duka la dawa iliyopunguzwa kwa maji, na jaribio hilo fanya kwenye kipande kingine.

Sasa yeyusha gramu 5 za chumvi kwenye mililita 100 za maji. Dondosha tone pembeni mwa kifuniko, na upande wa pili gusisha karatasi laini ili inyonye maji na kuivuta chumvi ipite chini. Baada ya dakika chache ile rangi nyekundu inajikunja kuelekea katikati na kuacha nafasi kati yake na ukuta wa seli. Maji yametoka, chumvi imeshindwa kuingia. Mpaka wa ile rangi unapita pale utando ulipo. Ukirudisha maji safi mapema, seli inajaa tena. Ukichelewa, imekufa na haijai.

Upana wa unachokiona pima kwa rula ya plastiki chini ya hadubini. Kama kwa mara 100 ni milimita 1.8 na seli 6 zimejipanga kwa urefu, kila moja ina milimita 0.3.

Kitunguu hakina kloroplasti. Kimekulia ardhini, usizitafute.

Betri ya bibo inatengenezwaje, na kwa nini haiwashi tochi?

Msimu wa korosho ukifika mabibo yako bure, kwa hiyo yatumie. Ondoa korosho kwanza: ganda lake bichi lina mafuta yanayounguza ngozi. Vaa nguo kuukuu, utomvu wa bibo hautoki.

Kila bibo lipate msumari wa kuezekea bati wenye zinki na kipande cha waya mnene wa shaba uliopigwa msasa, vikiwa sentimita 3 mbali na visigusane ndani. Kila bibo linatoa volti 0.9 hivi. Unga mabibo matatu au manne kwa mfuatano, zinki ya hili kwa shaba ya lile, kisha LED nyekundu, bila rezista. Itawaka hafifu, ifunike kwa kiganja uone. Ukisoma volti 0.5 badala ya 0.9, zinki ya msumari imekwanguka na chuma kimeachwa wazi.

Balbu ya tochi inataka miliampea 300 na bibo linatoa chini ya miliampea 1 kwa kawaida. Ukinzani wa ndani ni maelfu ya omu. Nishati yenyewe inatoka kwenye zinki inayoliwa. Tunda ni njia ya ayoni tu. Ndimu inafanya vilevile. Baada ya jaribio usile, zinki imeingia ndani.

Kwa nini ukichemsha kiazi betri yake inakuwa na nguvu zaidi?

Hili ndilo jaribio la kufanya kama muda unatosha moja tu. Kiazi mviringo kibichi ni mamilioni ya seli nzima, na kila moja imezungukwa na kihami. Ayoni zinalazimika kupita vichochoro vya kati ya seli. Kichemshe dakika 8 na zile tando zinapasuka, maji ya ndani na ya nje yanakuwa kitu kimoja, na ukinzani unashuka.

Kata kiazi nusu mbili. Moja ibaki mbichi. Nyingine ichemshwe na kuachwa ipoe kabisa, maana joto nalo linaongeza mkondo na litakudanganya. Tumia msumari na shaba zilezile, kina kilekile cha sentimita 2, umbali uleule. Pima volti, kisha miliampea moja kwa moja kati ya elektrodi, yaani msumari na shaba. Volti zitakaribiana. Mkondo wa kilichochemshwa utakuwa mkubwa mara kadhaa. Muhogo unafaa pia kwa sababu hiyohiyo, ila chagua vipande visivyo na mzizi wa kati.

Maji ya bahari yanapitisha umeme na ya mvua karibu hayapitishi. Napimaje?

Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, na chumvi ikiyeyuka inaachana kuwa ayoni za sodiamu na kloridi. Chonga penseli mbili pande zote, zitumie kama elektrodi, na uunge betri ya volti 9, rezista ya 470 na LED kwa mfuatano. Kwenye maji ya mvua LED haiwaki au ni hafifu mno. Ya bahari inawaka vizuri. Toa elektrodi baada ya sekunde 10 na fanya jaribio dirisha likiwa wazi, kwa sababu upande chanya unatoa klorini, ile harufu ya dawa ya kufulia. Usipime omu za maji kwa multimita moja kwa moja. Viputo vinavyojikusanya kwenye elektrodi vinafanya namba ipande bila kutulia.

Umeme wa Mtwara unatoka gesi. Gesi inageukaje kuwa umeme?

Inachomwa kwenye injini, injini inazungusha jenereta, na sumaku inayozunguka karibu na koili inasukuma elektroni. Gesi ya Songosongo, Kilwa, iligunduliwa 1974 na ya Mnazi Bay, Mtwara, 1982. Bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam lilianza kazi 2015.

Mitokondria ni betri ya seli?

Vitabu vinasema hivyo, sisi tungeiita chaja. Inasukuma protoni upande mmoja wa utando wake wa ndani mpaka pakawa na tofauti ya karibu milivolti 150, kisha protoni zinarudi kupitia protini inayozunguka na kutengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Akiba ni ATP, na hiyo haikai muda mrefu.

Samaki wa umeme anapataje mamia ya volti kama seli moja ina sehemu ya kumi ya volti tu?

Kwa mfuatano. Kila seli ya kiungo chake cha umeme inatoa kama volti 0.1 hadi 0.15, na zimepangwa maelfu kwa maelfu, uso wa moja ukitazama mgongo wa nyingine, zikifyatuka kwa pamoja. Kambare wa umeme, ambaye yumo Ziwa Tanganyika, anaweza kufika volti 350.

Taa wa umeme, yule samaki bapa wa Bahari ya Hindi, ana mpangilio tofauti, na sababu umeshaiona kwenye jaribio la penseli. Maji baridi yana ukinzani mkubwa, kwa hiyo samaki wa ziwani anahitaji volti nyingi: safu ndefu za mfuatano. Maji ya bahari yana ukinzani mdogo. Volti nyingi hazina kazi pale, kinachotakiwa ni mkondo. Taa amejenga mamia ya safu fupi zilizoungwa sambamba, kila upande wa kichwa. Anajifukia mchangani, na anayemkanyaga kwenye maji ya magotini ameunga sakiti kwa mguu wake.